Kitabu cha parokia, faili la mirathi au gazeti la zamani: ukimtafuta babu unaanza na kipi?

Watu wengi wakiamua kutafuta ukoo wao akili inakimbilia Nyaraka za Taifa na magazeti ya zamani, mi pia ilikuwa hivo hivo, nikaamka asubuhi na daftari jipya na penseli mbili nikajiona mtafiti kabisa, na nikapoteza karibu mwaka mzima. Sasa kuna ndugu zangu watatu wameniuliza waanzie wapi, nimechoka kurudia kwa voisi, ndo naandika hapa nilinganishe hizi sehemu kwa jinsi nilivyozipitia.

Kwanza nilikuwa natafuta nini, maana bila hilo ulinganisho haueleweki. Babu mzaa mama tulimjua kwa jina la Hassani, pale Muheza kila mtu alimwita Hassani Mngoni, alikuja Tanga kama manamba kukata mkonge, akaoa Mbondei, akasilimu, akazaa watoto saba, akafariki 1981 mi hata sijazaliwa. Kwao hakurudi hata siku moja. Watoto wake walichojua ni kwamba kwao Songea, basi, na kumtafuta Mngoni Songea bila jina la kijiji ni sawa na kumtafuta Mchaga Moshi. Mama mkubwa ndo pekee aliyekuwa na kitu cha ziada, alisema zamani kabla ya Hassani mzee aliitwa Kassiani, na kwamba alikuwa akisimulia alitoka kwao kipindi Wazungu wa karanga wanaingia Nachingwea.

Hayo maneno mawili ya mama mkubwa, Kassiani na karanga, yalikuja kuwa na thamani kuliko siku zangu zote za maktaba. Ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga ulianza 1947. Na ile ofisi ya kuandikisha manamba ya mashamba ya mkonge, SILABU, ilikuwa inafanya kazi tangu 1944, na Songea ilikuwa moja ya sehemu walizokuwa wanachota watu. Kwa hiyo kijana anaondoka kwao 1947 au 48, tuseme ana miaka ishirini hivi, amezaliwa kati ya 1925 na 1930. Tayari una dirisha la miaka mitano. Kwa hiyo kabla hujagusa karatasi yoyote kaa na mzee aliyebaki, na usimuulize mwaka maana mwaka hana, muulize ilikuwa kabla au baada ya nini: vita ya Hitler, kile kimbunga cha Lindi (hicho ni Aprili 1952), uhuru, operesheni vijiji. Rekodi kwa simu halafu sikiliza tena usiku, kuna vitu sikio linaviruka.

Haya, tuingie kwenye zenyewe.

Magazeti

Nilianza na magazeti kwa sababu yanavutia, huo ndo ukweli. Mambo Leo lilianza Januari 1923, lilitolewa kila mwezi na idara ya elimu ya serikali ya Tanganyika kule Dar, na ndani yake kuna habari za miji, barua za wasomaji, mashairi, taazia, matangazo. Shaaban Robert naye alikuwa akipeleka mashairi yake humo. Ukilishika unasikia kabisa watu wanavyoongea, wanabishana, wanasifiana, mwingine anaomba ajibiwe swali lake kuhusu neno fulani la Kiswahili. Nilikaa siku tatu nikifungua ukurasa kwa ukurasa na nilifurahi sana, ila kuhusu babu nilipata sifuri.

Na ningepata nini? Babu hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Gazeti la wakati ule lina watu wa aina fulani: walimu, makarani, mapadri na wachungaji, machifu, washairi, wacheza mpira, na waliofikishwa mahakamani. Mkata mkonge hayumo. Mke wake ndo kabisa. Kama babu yako alikuwa mwalimu au karani wa boma basi geuza ushauri wangu wote juu chini, anza na magazeti leo leo, maana walimu walikuwa wanaandika sana na wakihamishwa kituo au wakifa wenzao wanaandika. Ila angalia, washairi wengi walijificha nyuma ya majina ya bandia, unaweza ukapita juu ya shairi la babu yako bila kujua, kwa hiyo waulize wazee kama alikuwa na jina la utani la kishairi.

Tatizo kubwa la magazeti haya lakini ni moja, hayana faharasa. Hakuna mahali unaandika jina linatoka. Unatakiwa uwe na mwaka, ikiwezekana na mwezi, na mji. Ukienda bila hivyo unasoma tu kwa raha zako, ambayo sio mbaya, ila nauli inaisha. Na usiishie kwenye Mambo Leo peke yake. Kwa watu wa Tanga kuna Habari za Mwezi la UMCA, wamisionari wa Kianglikana, pale Magila, la tangu miaka ya 1890, na kuna Kiongozi la enzi za Mjerumani lililokuwa likitoka shule ya serikali Tanga mpaka vita ya kwanza. Dar kulikuwa na Kwetu la Erica Fiah kuanzia 1937, hilo lina mdomo mrefu kuliko ya serikali. Wakenya wana Baraza, la kila wiki, kuanzia 1939. Mombasa kulikuwa na Al-Islah la Sheikh al-Amin Mazrui miaka ya 30, Unguja Al-Falaq na baadaye Mwongozi. Kila moja lina watu wake, ukitafuta familia ya kiarabu ya Unguja ndani ya Habari za Mwezi unajichosha.

La Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililotoka Dar 1899 mpaka 1916, limeskaniwa na maktaba ya taifa ya Berlin na unalisoma bure ukiwa umelala kitandani. Nililifurahia kwa dakika kumi. Limeandikwa kwa zile herufi za Kijerumani za zamani zenye mikia, na Mwafrika humo anaonekana kwa shida, mara nyingi hana hata jina, ni mpagazi tu au boi wa fulani. Kama ukoo wako una mtu aliyekuwa na biashara kubwa au kesi kubwa enzi hizo jaribu, wengine achaneni nalo.

Kwa yale ya kwetu, sehemu nzuri niliyoikuta ni maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile sehemu yao ya East Africana, na Maktaba Kuu ya Taifa pale mtaa wa Bibi Titi. Piga simu kwanza uulize matoleo ya miaka gani wanayo na kama unaruhusiwa kupiga picha kwa simu, usifanye kama mimi niliyefika na begi.

Gazeti la Serikali, hasa kwa Wakenya

Hili nalitenga kwa sababu watu wanalichanganya na magazeti ya habari. Kenya Gazette limekuwepo tangu 1899, likianza kama gazeti rasmi la East Africa na Uganda, na sasa linatoka kila Ijumaa. Ni kavu kama muhogo wa juzi. Lakini lina matangazo ya mirathi: jina la marehemu, kwao wapi, alifariki lini na wapi, na nani anaomba usimamizi, na mara nyingi anataja uhusiano wake, mke, mtoto, kaka. Lina pia matangazo ya watu kubadilisha majina, ambayo kwa mtu anayetafuta ukoo ni dhahabu, maana hapo ndo unaona jina la zamani na jipya kwenye sentensi moja.

Na tofauti na Mambo Leo hili unaweza kulitafuta kwa neno. Google Books wameskani matoleo mengi sana, unaandika jina linatoka. Ila ule usomaji wa kompyuta unakosea herufi na makarani walikosea kabla yake, kwa hiyo jaribu tahajia zote, Mohamed, Muhammad, Mahomed, Njoroge na Joroge, na kama jina ni la kawaida mno tafuta kwa kijiji au lokesheni. Kama babu yako alifia Kenya akiwa na shamba au akaunti ya benki mi ningeanza hapa kabla ya kitu kingine chochote. Kuna rafiki yangu wa Kiambu alimpata kaka wa babu yake kwa robo saa, nikamwonea wivu waziwazi.

Kwa Tanganyika pia lipo gazeti la serikali na matangazo ya namna hiyo yamo, ila watu wa kawaida wa vijijini mirathi yao haikufika huko, ilimalizwa mahakama za chini. Na hapo ndo penyewe.

Faili la mirathi, mahakama ya mwanzo

Hiki ndo chanzo ambacho hakuna aliyeniambia na ndicho kilichofungua kila kitu.

Mtu akifa ameacha nyumba au shamba, familia inakaa kikao cha ukoo, inateua msimamizi, inaandika muhtasari, wanaupeleka mahakama ya mwanzo. Ule muhtasari una orodha ya waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, una orodha ya warithi, watoto wote, wake wote, hata yule mtoto wa nje ambaye msibani mlijifanya hamumjui. Familia haijawahi kukaa kujiorodhesha kwa umakini kama siku ya kugawana mali. Hakuna sensa inayofika hapo.

Nilienda mahakama ya kule alikofia. Mara ya kwanza nikaambiwa mafaili ya miaka hiyo hayapo. Mara ya pili nikaambiwa yapo ila yaliliwa na mchwa. Mara ya tatu nikaenda na barua ya maombi iliyosainiwa na mjomba wangu kama mtoto wa marehemu, na barua ya serikali ya mtaa, na karani mwingine kabisa, kijana mpole, akaingia store akatoka na vumbi kichwani na faili mkononi. Lilikuwa limeandikwa Asani. Sio Hassani, Asani, ndo maana halikuonekana. Kwa hiyo ukienda peleka na namna zote ambazo jina lingeweza kukosewa na karani aliyelisikia kwa masikio tu.

Ndani kulikuwa na kurasa kumi na moja. Muhtasari, orodha, stakabadhi ya kodi ya kiwanja, na mwisho kabisa imebanwa na pini iliyoota kutu, barua. Barua ya rambirambi kutoka Songea, kalamu ya bluu, imeandikwa na mtu anayejiita Gaudensi, kaka mdogo wa marehemu, anasema amepata habari kwa kuchelewa, hawezi kufika, na kwamba yeye hadai kitu chochote kwenye mali ya kaka yake. Kumbe ndo maana iliwekwa kwenye faili, kuthibitisha hadai. Kisheria ya Kiislamu asingerithi hata hivyo kwa kuwa yeye ni Mkristo, ila waliitunza. Na juu kulia, pale pa anwani, alikuwa hana sanduku lake la posta, alikuwa anapokea barua kupitia misheni. Jina la misheni lipo.

Miaka yote hiyo ile anwani ilikuwa kilomita mbili kutoka nyumbani kwa mjomba.

Udhaifu wa hiki chanzo ni kwamba kama marehemu hakuacha kitu au familia ilimaliza nyumbani kimya kimya, hamna faili. Na mahakama hizi za mwanzo kwa muundo tunaoujua ni za baada ya uhuru, kabla ya hapo zilikuwa mahakama za wenyeji chini ya machifu, vitabu vyake vya kesi vya mahari na talaka na mipaka vilikuwepo na ni vitamu sana, lakini kilichobaki kimetawanyika, vingine viko Nyaraka, vingine bomani, vingine walifungia vitumbua. Faida yake ni kwamba ada ni ndogo. Kilichonila ni nauli na subira.

Kitabu cha parokia

Sasa kwa Wakatoliki, na kwa Walutheri na Waanglikana na Wamoravian pia, kitabu cha ubatizo ndo kitu cha karibu zaidi na cheti cha kuzaliwa mtu wa kijijini aliyezaliwa kabla ya uhuru atakachokuwa nacho. Usajili wa serikali wa vizazi ulikuwepo tangu enzi za Mwingereza lakini vijijini haukufika kwa watu wa kawaida, kwa hiyo kwenda RITA, ule wakala wa serikali wa usajili, kutafuta kizazi cha Mngoni cha 1927 ni kujisumbua. RITA nenda kwa vifo na vizazi vya karibu.

Kitabu chenyewe, wenyewe wanakiita LB, Liber Baptizatorum, ukiangalia cheti chako cha ubatizo namba ya LB ndo hiyo hiyo. Kila mstari una namba, tarehe, jina la mbatizwa, baba, mama, kijiji, msimamizi wa ubatizo, padri aliyebatiza. Vya zamani vimeandikwa Kilatini, usiogope, maneno ni yale yale yanarudia: filius mtoto wa kiume, filia wa kike, natus amezaliwa, patrinus msimamizi. Majina yenyewe yanavaa Kilatini pia, Kassian anakuwa Cassianus, Yuliana Juliana. Baba akiwa hajabatizwa utakuta wameandika paganus, usikasirike, ndo walivyokuwa. Na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima ni ya kukadiria, usiichonge kwenye kaburi.

Kitu cha maana kuliko vyote ni pembeni ya ukurasa, pale pambizoni. Kwa utaratibu wa Kanisa ukifunga ndoa parokia nyingine taarifa inarudishwa parokia uliyobatizwa na inaandikwa pembeni ya jina lako. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kukupa alizaliwa wapi na alioa nani na wapi, wakati mwingine na kipaimara. Gazeti halikupi hivyo hata siku moja.

Halafu jina. Kule Songea Kassian sio jina la bahati nasibu. Misheni ya Peramiho ilianzishwa 1898 na Mbenediktini Cassian Spiss, baadaye akawa askofu, akauawa Agosti 1905 kwenye Majimaji, na nadhani ndo maana akina Kassian wamejaa kule kama akina Juma Tanga. Peramiho yenyewe ilichomwa kwenye vita hiyo hiyo ikajengwa upya, kwa hiyo kama unatafuta mtu wa kabla ya 1905 upande ule usiwe na matumaini makubwa sana ya kitabu. Kuna kitu kingine cha kuangalia hapo Songea mjini, makumbusho ya Majimaji, mashujaa walionyongwa 27 Februari 1906 wana majina yao pale, na wapo watu waliowakuta babu zao kwenye ukuta bila kutarajia.

Niliandika barua parokia ile iliyotajwa na Gaudensi, moja ya zile zilizozaliwa na Peramiho, nikapiga na simu. Paroko akasema njoo, vitabu havitoki na yeye hana mtu wa kukaa kusoma. Nikaenda. Katibu wa parokia, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akanifungulia miaka 1925 hadi 1930 na akakaa pembeni yangu muda wote. Kassian walikuwa wanne. Bila ile barua ya mahakamani ningerudi Muheza na mababu wanne. Lakini nilikuwa na Gaudensi, tukamtafuta Gaudensi, akatoka mmoja tu, 1931, tukaangalia jina la baba yake, halafu tukarudi kwa akina Kassian, na mmoja wao akawa na baba yule yule, mama yule yule, kijiji kile kile. Nilinyamaza. Yule mama akaniambia chukua muda wako baba.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya faili la mirathi na LB kipi bora, siwezi kuvitenganisha kiurahisi, LB ina taarifa nyingi zaidi lakini ni bubu mpaka ujue kijiji na jina la uhakika la ndugu mwingine, faili la mirathi lina makosa kibao ya tahajia lakini ndo linalokuambia uende wapi. Mtu aliyehama akabadilisha na dini, anza mahakamani alikofia. Mtu ambaye ukoo wake haujahama, mnajua parokia, anza na LB moja kwa moja, mirathi utaikuta baadaye.

Walioko nje wasidhani kila kitu lazima wakifuate Ulaya, ila barua na ripoti za wamisionari ziko huko: za CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, ziko maktaba ya Cadbury, chuo kikuu cha Birmingham, hizo ni muhimu kwa watu wa Rabai na Freretown, wale ambao mababu zao waliachiwa huru kutoka utumwani wakawekwa Mombasa miaka ya 1870. Za UMCA ziko Oxford. Wabenediktini wa Peramiho nyumba yao mama ni monasteri ya St. Ottilien, Bavaria. Hizi ni nzuri kwa kujua maisha yalivyokuwa, majina ya watu wa kawaida yamo kwa kuchomekwa tu.

Nyaraka za Taifa na vile vitabu vya wilaya

Nyaraka za Taifa Dar ziko Upanga, mtaa wa Vijibweni. Nairobi ziko Moi Avenue, lile jengo lililokuwa Bank of India, ukishuka matatu unaliona. Kote unaingia na kitambulisho na penseli, kalamu ya wino wanakurudisha nayo.

Humo usitafute jina la babu, tafuta sehemu yake. Kwa Tanganyika kuna District Books, vitabu ambavyo mabwana shauri wa Kiingereza walikuwa wanajaza habari za wilaya, makabila, koo, orodha za machifu na nasaba zao. Cha Songea kina mambo ya Wangoni wa Njelu na wa Mshope na koo zinavyopandana. Kama wewe ni wa ukoo wa nduna au jumbe unaweza kujikuta vizazi vinne nyuma ndani ya asubuhi moja, raha iliyoje. Ila kumbuka zile nasaba zilitolewa na watu waliokuwa wanataka uchifu, kipindi ambacho Mwingereza anatafuta nani amkabidhi utawala, kwa hiyo kila mzee alinyoosha mstari wake uende vizuri. Linganisha na wanachosema ukoo wa jirani. Sisi hatumo, babu yetu hakuwa wa ukoo wa kutawala mtu, aliyemtawala ni punda wake tu.

Unguja ni habari nyingine, na kwa familia za pwani, na ndugu zetu walioko Muscat na Dubai, mi ningesema Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani ndo pa kuanzia kabla ya Dar na kabla ya Nairobi. Kuna barua za konseli tangu miaka ya 1840, kuna mirathi, wakfu, kesi, na kuna mambo ya watu walioachiwa huru baada ya amri ya 1897 ya kufuta utumwa. Kaeni kwanza kama familia mjue mko tayari kusoma mtakachokikuta, maana unaweza kumkuta bibi yako kwenye orodha upande ambao hukuutarajia, wa mwenye mali au wa mali. Nimeona watu wamefunga faili wakaondoka.

Wanajeshi

Hili kwa kifupi. Kama babu alikufa vita ya pili akiwa KAR, lile jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, tovuti ya Commonwealth War Graves, tume ya makaburi ya wanajeshi, ina majina na unatafuta bure, wengi wako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Nairobi. Vita ya kwanza, hasa wapagazi wa Carrier Corps, wale waliotuachia jina la Kariakoo, wengi hawakuandikwa popote kwa majina, na tume yenyewe ya makaburi ilikiri hilo 2021. Msipoteze miezi humo.

Zile tovuti za ukoo

FamilySearch ni bure, fungua akaunti, angalia, inachukua dakika tano na huwezi jua, wamekuwa wakirekodi nasaba za mdomo kwa wazee sehemu mbalimbali Afrika. Ila kwa Songea au Muheza mi sikupata kitu. Zile za kulipia kwa mwezi, usilipe kabla hujajua wana vitabu gani vya kwenu, vingi ni vya Uingereza na Marekani na hela yako ya nauli ya Songea inaishia huko.

Mpangilio wangu mimi

Ningeanza upya leo ningemkalisha mama mkubwa wiki nzima, halafu mahakama, halafu parokia, na magazeti yangekuja mwisho kabisa. Na yangekuja, nisieleweke vibaya. Baada ya kujua babu alitoka kijiji gani na mwaka gani nilirudi kwenye Mambo Leo ya 1947 na 48 na safari hii nilisoma tofauti, nikijua kwamba huo mji unaozungumzwa hapo ndo mji alioteremka kijana wa miaka ishirini na kipande cha kazi cha siku thelathini mfukoni. Kwa hilo gazeti halina mpinzani. Lakini halikunipa jina lake na lisingenipa.

Nikamaliza pale parokiani kwa kuuliza pembeni ya jina la Kassian kumeandikwa nini. Hamna kitu. Hamna ndoa, hamna kifo, pambizo jeupe, kwa sababu alikuwa ameshakuwa Hassani na hakuna aliyerudisha taarifa. Lakini mistari michache chini, 1929, baba yule yule na mama yule yule, kuna Juliana. Dada yake, hakuna nyumbani aliyewahi kumtaja. Na pembeni yake kumeandikwa: ameolewa 1948, na jina la parokia nyingine upande wa Mbinga. Katibu akanipa namba ya simu ya katibu mwenzake kule. Masika ikiisha naenda.